Sunna ya Idi ni Nguo Njema, Si Nguo ya Deni



Kila mwaka, kumi la mwisho la Ramadhani linapoingia, safu za misikitini hupungua na masoko hufurika. Katika mausiku ambayo Waislamu wa mwanzo walijifunga vibwebwe kwa ajili ya ibada, wengi wetu tumejifunga vibwebwe kwa ajili ya Kariakoo, tukisaka kanzu, magauni na viatu vya watoto. Kumfurahisha mtoto siku ya Idi si kosa. Ni jambo jema. Kosa limo katika desturi nyingine ambayo inazidi kuota mizizi, nayo ni kununua nguo hizo kwa fedha za kukopa, tena mara nyingi kwa mikopo ya riba, ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Mtu amefunga mwezi mzima kwa ajili ya Mola wake, kisha anaupokea mwezi wa Shawwal akiwa na deni la riba shingoni. Je, hiyo ndiyo sikukuu?

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Nami nasema nguo ya riba ni ya kuazima zaidi ya zote, kwani mwenyewe hulala akiwaza siku ya marejesho. Nia ya makala hii ni kuonesha kwamba mlango wa kutokea katika dhiki hii uko wazi, nao ni kuridhika, kutunza tulicho nacho, na kutoona haya kununua kilichokwisha kutumika.

Sunna yasemaje?

Watu wengi wamedhani kuwa Idi bila nguo mpya si Idi. Dhana hii haina msingi katika dini. Kilichosuniwa ni kuoga na kuvaa nguo iliyo nzuri kuliko zote alizo nazo mtu. Neno ni "nzuri", wala si "mpya". Na ni nguo "aliyo nayo", wala si atakayoikopea.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Seyidna Umar (r.a.) aliona joho la hariri likiuzwa sokoni, akamshauri Mtume Muhammad (s.a.w.) alinunue ili ajipambe kwalo siku ya Idi na anapopokea wajumbe. Mtume (s.a.w.) hakuilaumu fikra ya kujipamba, bali alilikataa joho lile kwa kuwa lilikuwa la hariri. Hapo wanazuoni wakafahamu kwamba kujipamba siku ya Idi kunapendeza, ila ndani ya mipaka ya halali. Basi ikiwa joho zuri lilikataliwa kwa sababu ya uzi wake, tuseme nini juu ya kanzu ambayo fedha yake imetoka katika riba?

Ama kuhusu maisha yake ya kila siku, Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, miongoni mwa aliyoyataja ni kwamba alikuwa akishona nguo zake na kuvitengeneza viatu vyake mwenyewe. Na Seyidna Umar (r.a.), ambaye dola yake ilienea hadi Misri na Uajemi, alionekana akiwa na nguo yenye viraka ilhali ni Khalifa. Kiraka hakikumpunguzia hadhi hata chembe.

Hata hivyo, pasiwe na mtu wa kudhani kwamba Uislamu unasifu uchakavu. Mtu mmoja mwenye mali alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa amevaa mavazi duni, naye akamfundisha kwamba neema aliyopewa na ionekane kwake. Kujinyima uliyoruzukiwa si uchaji, na kujionesha usiyoruzukiwa si heshima. Njia yetu ni ya katikati, baina ya israfu na ubahili, kama Qur'ani Tukufu inavyowasifu waja wema katika Sura Al-Furqan.

Je, nguo ya mtumba yafaa kuswalia?

Hili ni swali ambalo waumini huliuliza mara kwa mara, hasa wazee wetu, ambao hapo zamani waliziita nguo hizi kwa kejeli "kafa Ulaya", kana kwamba zimevuliwa maiti. Jibu ni kwamba asili ya vitu ni twahara mpaka ijulikane najisi yake. Katika safari ya Tabuk, Mtume (s.a.w.) alikuwa amevaa joho la Kishamu lenye mikono iliyobana, hata alipotaka kutawadha ilimlazimu aitoe mikono yake kwa chini ya joho. Wakati huo Sham ilikuwa mikononi mwa Warumi, wala si Waislamu. Wanazuoni wameichukua habari hii kuwa ni dalili ya kufaa kuvaa nguo zilizotoka kwa wasiokuwa Waislamu.

Basi nunua, fua vizuri kwa maji safi, anika juani, piga pasi, kisha swali. Lakini zingatia mambo mawili. La kwanza, nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), nasi tuziache kwa ajili ya afya na staha zetu. La pili, soma maandishi yaliyomo katika fulana kabla ya kuinunua, na kama lugha huijui, muulize anayeijua. Inasikitisha kumwona kijana amesimama safu ya mbele, na aliye nyuma yake anasoma tangazo la pombe mgongoni mwake.

Faida iliyo wazi

Wenye umri watakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa uhaba wa bidhaa, ambapo watu walipanga foleni kwa ajili ya sabuni, sukari na hata khanga. Masharti ya biashara ya nje yalipolegezwa katikati ya miaka hiyo, mitumba ikaingia kwa wingi, na mtu wa kipato cha chini akapata koti, shati na kiatu. Ni neema ambayo kizazi cha leo hakiioni kwa sababu kimezaliwa kikaikuta.

Na tupige hesabu kwa mfano. Tuseme baba ana watoto 4, na nguo mpya ya kila mmoja ni shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 200,000. Akizikopa kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi na kukaa nazo miezi 3, riba peke yake ni shilingi 120,000, na deni lenyewe bado liko palepale. Baba mwingine anakwenda mapema kwenye mitumba, mwezi wa Shaaban kabla bei hazijapanda. Anachagua nguo 4 za shilingi 10,000 kila moja, anampa fundi cherehani shilingi 2,000 kwa kila nguo ili apunguze na kubana panapohitajika. Ametumia shilingi 48,000. Siku ya Idi watoto wote wanane wamependeza, wala hakuna mpita njia awezaye kusema ni nguo ipi ya deni na ipi ya mtumba. Tofauti iko katika usingizi wa baba zao.

Juu ya hayo, kitambaa cha nguo nyingi za mtumba ni imara kuliko cha nguo mpya za bei ya chini zinazopasuka baada ya kufuliwa mara chache. Kadhalika, inakadiriwa kuwa fulana moja ya pamba huhitaji takriban lita 2,700 za maji, tangu shambani hadi inapokamilika. Kila fulana inayovaliwa miaka mitatu badala ya mmoja ni maji na ardhi ya Mwenyezi Mungu iliyohifadhiwa.

Wapo watakaosema kwamba mitumba imeua viwanda vyetu. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikapinga kwa kutumia mpango wake wa AGOA, na mwaka 2018 Rwanda, iliyoshikilia ushuru wake mkubwa, ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru, ilhali majirani zake walikuwa wamekwisha kurudi nyuma. Hayo ni mambo ya serikali na yanahitaji hekima yao. Mwenye uwezo wa kununua kwa fedha taslimu khanga au kitenge kilichotengenezwa nchini, na anunue, kwani anamsaidia mkulima wa pamba wa Shinyanga na Simiyu. Lakini anayekopa kwa riba ili anunue nguo mpya iliyotoka ng'ambo, hakusaidia kiwanda chetu wala nyumba yake.

Urahisi si sababu ya kununua

Hata hivyo, iko hatari ambayo wengi hawaioni. Belo linapofunguliwa asubuhi na mnada kuanza, mtu aliyekwenda kutafuta suruali moja hurudi na mashati sita, kwa sababu tu "yalikuwa rahisi". Kabati limejaa, na bado anasema hana cha kuvaa. Hiyo nayo ni israfu, hata kama kila shati lilikuwa la shilingi elfu moja. Israfu haipimwi kwa bei ya kitu peke yake. Hupimwa kwa haja yake.

Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kiasi cha kibaba kimoja cha maji, akaoga kwa pishi. Maji ya ibada, ibada iliyo tukufu, yalipimwa. Sisi hufungua bomba la msikitini likatiririka tangu tunapovua viatu mpaka tunapomaliza kusimuliana habari za jana. Mtu asiyeyaona maji kuwa ni neema, hataiona nguo kuwa ni neema, ikiwa mpya au kuukuu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kusema "Alhamdulillahi" ni shukrani ya ulimi, lakini neema hushukuriwa pia kwa vitendo. Shukrani ya nguo ni kuifua, kushona kifungo kilichong'oka, kuitia kiraka inapopasuka, na inapokubana kumpa wa kumtosha. Shukrani ya kiatu ni kukipeleka kwa fundi kabla soli haijaisha. Ndiyo maana wazee wakatuonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtume (s.a.w.) naye alitufundisha tuwaangalie walio chini yetu katika mambo ya dunia, wala tusiwaangalie walio juu yetu, ili tusizidharau neema tulizo nazo. Mwenye kuangalia juu daima hujiona yu uchi.

Neno kwa wafanyabiashara

Miongoni mwa waumini wetu wamo wengi wanaoishi kwa biashara hii, nayo ni kazi ya halali. Wakumbuke kisa cha Mtume (s.a.w.) aliyetia mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta umajimaji ndani, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone. Shati lenye doa kwapani lisikunjwe likaoneshwa kola tu. Simu iliyowahi kuingia maji isiuzwe kama nzima. Na mnunuzi naye asikimbilie simu ya bei ya kutupa kutoka kwa mtu asiyemjua wala asiye na risiti, maana huenda kuna ndugu anayelia nayo. Aidha, si kila kilichotumika ni nafuu: tairi lililokwisha meno, hata likiuzwa kwa bei ya bure, ni ghali kuliko jipya.

Tufanye nini?

Kwanza, tupange matumizi ya Idi kwa utaratibu wa dini. Kinachotangulia ni Zakatul Fitri, pishi moja ya chakula kwa kila nafsi kabla ya swala ya Idi. Haiwezekani nguo zikawa zimetundikwa ukutani tangu tarehe 20 na Zakatul Fitri ikawa bado inatafutwa usiku wa mwisho.

Pili, kamati za misikiti ziandae kabati la nguo tangu mwezi wa Rajabu. Kila nyumba ilete nguo ambazo watoto wake wamezikulia, zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi, kwani Qur'ani Tukufu imekemea tabia ya kuchagua kilicho duni kwa ajili ya sadaka. Wenye haja wazipate kwa siri, pasina kutajwa majina wala kupigwa picha. Akina mama wenye vyerehani watoe siku moja moja kwa ajili ya marekebisho.

Tatu, maimamu wetu walisemee jambo hili mimbarini kabla ya Ramadhani, si siku ya Idi yenyewe wakati deni limekwisha kuchukuliwa. Na wao, pamoja na wazazi wote, wawe mfano. Baba akitoka siku ya Idi na kanzu yake ya miaka mitano, iliyofuliwa ikang'aa, mwanawe hataionea haya suruali yake ya mtumba.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kukinai kwa ulichoturuzuku, utuepushe na riba na fedheha ya madeni, na utujaalie tuzione neema zako zikiwa bado zimo mikononi mwetu. Amin.