Kupachika Si Kupanda: Kauli Kuhusu Vitenzi vya Tarakilishi

Mjadala wa istilahi za tarakilishi katika vyuo vyetu umekwama kwenye nomino. Tumebishana kwa miaka mingi kama mashine yenyewe iitwe ngamizi, tarakilishi au kompyuta, na kama kile kidude cha kubofyea kiwe puku au kipanya. Wakati huo wote, vitenzi vinavyoeleza kazi ifanyikayo ndani ya mashine vimebaki yatima. Nakusudia kukitetea kimoja, nacho ni kupachika.

Katika mifumo endeshi ya ukoo wa Unix, ikiwemo Linux, faili zote hupangwa kama mti mmoja wenye mzizi mmoja. Diski mpya, hata ikichomekwa barabara, faili zake hazifikiki mpaka mfumo wake wa faili uunganishwe na tawi fulani la mti huo. Kiingereza hukiita kitendo hicho "mount", na mfasiri mwenye haraka ataandika kupanda au kupandisha. Nani kapanda nini? Kilichotendeka ni kwamba saraka moja imegeuzwa mlango wa kuingilia hifadhi nyingine. Kiswahili kinacho kitenzi pachika na kinyume chake pachua, kama chomeka kilivyo na chomoa. Tena jozi hizi mbili hutenganisha mambo ambayo wanafunzi huyachanganya kila siku: flashi huchomekwa kwa mkono, ilhali mfumo wake wa faili hupachikwa na kiini cha mfumo endeshi. Anayeichomoa kabla ya kuupachua hujitafutia hasara.

Ugumu huzidi tufikapo kwenye upachikaji uitwao otomatiki. Kampuni ya Sun Microsystems iliuingiza katika SunOS 4.0 mwaka 1988, wakati ambapo saraka za watumiaji wengi zilihifadhiwa kwenye seva na kufikiwa kupitia mtandao. Kupachika kila kitu tangu mashine iwashwapo kulikuwa ubadhirifu, na seva moja ikizimika, mashine zilizoitegemea ziliweza kukwama. Ikaonekana heri kungoja hadi saraka ihitajike.

Katika Linux kazi hiyo ni ya autofs. Neno otomatiki hutufanya tudhani kwamba kiini hujitendea kila kitu. Sivyo. Kiini hutega tu. Programu inapoifuata njia ya faili ikaikanyaga saraka iliyotegwa, kiini huisimamisha, kisha huipelekea ujumbe programu nyingine iliyo nje ya kiini, ambayo kazi yake ni kusubiri. Hiyo ya pili husoma ramani, ikajua ni hifadhi ipi inayotakiwa, ikaagiza ipachikwe, ikakiarifu kiini. Ndipo ile ya kwanza huamshwa na kuendelea na safari, bila kujua kwamba ilisimamishwa. Hifadhi isipotumika kwa muda uliowekwa, nayo hupachuliwa. Mtego hubaki palepale, ukimngoja mpita njia mwingine.

Kwa maoni yangu, basi, "upachikaji wa mtego" ni istilahi sahihi kuliko "upachikaji otomatiki". Najua baadhi ya wanaisimu watasema kwamba mtego hunasa na kuua. Huu nao hunasa, ila humwachilia aliyenaswa baada ya kumfungulia mlango.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, programu ya ofisi hudai majina ya menyu. Kiini hudai vitenzi vya mwendo, kusubiri, kuamsha na kuachilia. Vitenzi hivyo sisi wanafasihi twavijua vyema, nasi ndio tunaolikimbia somo hili kwa madai kwamba ni la wahandisi.

Limesalia jina la ile programu isubiriyo nje ya kiini. Kiingereza huiita kwa neno la kale lenye maana ya pepo. Mimi ningeiita bawabu. Wanaompendelea pepo na watueleze atapungwa na mganga gani siku atakapogoma kuitika.