Barua ya Chuo si Tikiti



Sisi wafanyakazi wa reli tutokao Kisii na Nyamira twajua jambo moja ambalo aliyezaliwa kando ya stesheni huenda asilijue. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini kwetu milimani haikupita. Aliyetaka kazi ya reli ilimpasa aifuate mwenyewe. Twajua basi ya kuwa kusikia gari la moshi likilia mbali si sawa na kulipanda. Hivyo ndivyo ilivyo habari ya vyuo kwa watoto wetu.

Wengi wetu tulisoma shule ya msingi ya misheni tukaishia hapo. Wazee wetu wengine hawakufika hata hapo. Kwa hiyo mtoto wetu apatapo C+ katika mtihani wa kidato cha nne, ambayo ndiyo gredi ya kumwezesha kuomba nafasi ya digrii, huwa ndiye wa kwanza katika nyumba kusimama mlangoni pa chuo kikuu. Hakuna wa kumwambia, "Mimi nilipita hapa, angalia pale pana shimo."

Mwenzetu mmoja wa gengi la njia aliona uchungu wa jambo hili. Binti yake alifaulu, barua ya chuo ikaja. Mama akaifunga katika kitambaa safi, jogoo akachinjwa, majirani wakaja kunywa chai. Wote walidhani barua ile ni kama waranti ya safari: unaionyesha, unapanda. Siku ya kuripoti karani akauliza, "Mmeomba mkopo? Mmeomba ufadhili?" Hakuna aliyeomba, maana hakuna aliyejua kuwa hayo ni maombi mengine kando ya barua. Wakatakiwa fedha ambazo baba hakuwahi kuzishika mkononi kwa pamoja. Wakarudi kwa basi la usiku, na sanduku halikufunguliwa. Mwaka mzima binti yule alichuma majani chai ya watu. Hakushindwa na masomo, ndugu zetu. Alishindwa na fomu.

Yafaa basi tuyaseme wazi, ili mwingine asipotee njia ile ile.

Kwanza, nafasi za vyuo hugawanywa na ofisi ya serikali iitwayo KUCCPS, na maombi hufanywa kwa mtandao. Mtoto huingia kwa nambari yake ya mtihani na nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa darasa la nane. Ni wangapi kwetu ambao cheti cha kuzaliwa kimepotea, au jina lililo ndani yake si lile la shuleni? Jambo hili hutengenezwa mtoto akiwa kidato cha pili, si siku mbili kabla ya mlango kufungwa.

Pili, C+ peke yake haimpi mtu kozi aitakayo. Kila kozi hutazama masomo yake maalum. Mtoto asiye na mshauri huandika udaktari mara zote, kisha hukosa hata kile ambacho angekipata.

Tatu, fedha. Mwaka 2023 serikali ilibadili utaratibu, ikatenga ufadhili, mkopo na sehemu ya mzazi, kwa kupima uwezo wa kila nyumba. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kuwa utaratibu ule unavunja katiba, na serikali ikakata rufani. Mambo ya mahakama twawaachia mawakili. Lakini katika kupima huko twaona kosa moja linalotuuma sisi. Mwenye hati ya mshahara huonekana tajiri. Hati yetu haisemi kuwa mshahara ule walisha nyumba mbili, ya mjini na ya Nyamira, pamoja na mama mzee na watoto wa marehemu kaka. Haisemi kuwa shamba la nyumbani limegawanywa mpaka sasa ni mistari michache ya chai na migomba. Chama chetu hakina budi kulisema hili palipo na masikio.

Wako wasemao, "Chama ni cha mishahara, mambo ya shule tuwaachie walimu." Twawakumbusha Tom Mboya. Alitoka katika shule za misheni, akaacha masomo kwa kukosa karo, akaingia kazini, kisha akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi vya Kenya. Mwaka 1959 vijana wetu wengi walikuwa na barua za vyuo vya Marekani mikononi, lakini hawakuwa na nauli. Mboya akaenda kuomba huko huko Marekani, na mwezi wa Septemba ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Angalieni vema: barua zilikuwapo, akili zilikuwapo, kilichokosekana ni kiti ndani ya ndege. Naye aliyekitafuta kiti alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi.

Tena wazee wetu wa Gusii hawakungoja kuambiwa. Risaga twaijua sote: leo majirani hulima kwako, kesho kwangu, na mtu mmoja hachekwi kwa shamba kubwa. Chuo cha walimu cha Kisii kilipoanzishwa mwaka 1965, kilijengwa juu ya ardhi iliyotolewa na Baraza la Gusii. Chuo hicho ndicho kilichokua mpaka kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii mwaka 2013. Wazee wasiojua kusoma walitoa ardhi. Je, sisi tunaojua kusoma tutashindwa kusomeana fomu?

Twatoa shauri hili kwa matawi yote.

Kila tawi lichague watu wawili, mmoja akiwa kijana aliyepita chuoni, na matokeo yatokapo wakae ofisini jioni kuwasaidia watoto wa wanachama kuomba nafasi, mkopo na basari. Pawe na mfuko mdogo wa nauli na matumizi ya mwezi wa kwanza, ukopeshwe, urudishwe. Tukikaa mezani na waajiri, tudai siku ya ruhusa kwa mzazi anayempeleka mtoto chuoni, na nafasi za kujifunza kazi katika karakana. Na watoto waliokwisha kuingia vyuoni warudi likizo kuzungumza na wa kidato cha nne. Hilo ndilo deni lao kwetu.

Neno la mwisho kwa wazazi. Asiyepata C+ hajatupwa. Taasisi ya Ufundi ya Gusii, ambayo ni Chuo cha Ufundi cha Taifa cha Kisii tangu mwaka 2016, huwafunza mafundi, na sisi watu wa karakana twajua thamani ya fundi. Wala mtu asiseme fedha zikipungua msichana ndiye angoje. Mchuma chai tuliyemtaja ni msichana, na gredi yake ilipita za kaka zake wote.

Yeye aliomba tena mwaka uliofuata. Safari hii karani wa tawi alikaa naye usiku mmoja, wakajaza kila mstari, na mkopo ukapatikana. Kazi ya usiku mmoja, ndugu zetu! Mwaka mzima ulipotea kwa kuikosa.

Umoja ni nguvu.