Mtoto Aliyekonda na Homa Isiyoonekana



Juma hili tuseme juu ya jambo moja ambalo limewadanganya wazazi wengi wenye akili na upendo. Si jambo la uvivu wala la ukatili. Ni jambo la kutojua tu, na kwa hiyo linafaa kusemwa wazi mbele ya baba na mama pamoja.

Tumfikirie mtoto wa miaka miwili. Mdogo wake amekwisha kuzaliwa, naye ameachishwa ziwa. Anakula ugali wa mihogo katika sahani moja na kaka zake, nao humaliza kitoweo kabla mkono wake haujafika. Mikono yake imekuwa kama vijiti. Siku moja anaanza kuhara. Halafu anakataa chakula na kulala tu pembeni. Mama anamshika paji la uso: hakuna moto. Mama mkwe anasema: «Mwanangu, mtoto hana homa. Mwache apumzike, kesho atacheza.» Kesho yake alfajiri mtoto hawezi hata kuinua kichwa.

Je, mama mkwe alisema uwongo? Hasha. Alisema yale aliyoyaona kwa watoto wenye afya. Lakini mtoto aliyekonda sana ana sheria nyingine, na sheria hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Homa ni kazi ya mwili. Vijidudu vya ugonjwa vikiingia, mwili huwasha moto na kutuma askari wake wa damu wapigane navyo. Kazi hiyo inataka akiba, kama vile moto unavyotaka kuni. Mtoto aliyekonda amekwisha kuteketeza mafuta yake, na baadaye hata nyama ya mikono na mapaja yake. Basi vijidudu vinapoingia, hana kuni. Hapandi moto, bali pengine hupoa. Waganga wameweka alama: mtoto wa namna hiyo akipimwa kwapani na kipimo kikaonyesha chini ya 35, yumo hatarini, na yafaa kudhaniwa kwamba ana maambukizo makali. Kwa mtoto mnono homa ni kengele. Kwa mtoto aliyekonda, kengele yaweza kukaa kimya wakati nyumba inaungua.

Tena milango yake yote imelegea. Ngozi hupasuka kwa urahisi. Utando wa matumbo huwa mwembamba, na vijidudu hupenya na kuingia katika damu. Hata kile kiungo kidogo cha kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, mahali ambapo askari wengine wa damu hufundishwa kazi yao, husinyaa. Kwa hiyo kuhara, kichomi au surua, ambavyo mtoto wa jirani huvishinda, vyaweza kumwua huyu.

Na mambo haya huzunguka kama gurudumu. Njaa hufungua mlango kwa ugonjwa. Ugonjwa huondoa hamu ya kula, hupoteza maji na chakula kwa kuhara, na kumkondesha mtoto zaidi. Naye akikonda zaidi, ugonjwa mwingine humkuta mlangoni. Mwaka 1968 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa kitabu cha waganga watatu, Scrimshaw, Taylor na Gordon, kilichoeleza jinsi njaa na maambukizo yanavyosaidiana. Leo Shirika hilo lasema kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vina uhusiano na ukosefu wa chakula bora. Katika nchi yetu ya Kongo tuliyaona hayo kwa macho. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 hata Januari 2020 surua iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Na upungufu wa chakula ulitajwa kuwa moja la mambo yaliyoongeza vifo, pamoja na uchache wa chanjo.

Basi mwasema: tutampima mtoto, na mizani itatuambia. Ndiyo, lakini hata mizani yaweza kudanganywa. Watu wa Kivu wanaufahamu ugonjwa uitwao bwaki. Mtoto wa bwaki huvimba miguu na uso, nywele hufifia, ngozi hubambuka. Mwili umejaa maji, na maji yana uzito. Jirani atasema, «Tazama mashavu yake, ananenepa!» Kumbe chini ya maji yale nyama imekwisha. Waganga huuita ugonjwa huo kwashiorkor, neno la Waga wa Ghana, ambalo Dr. Cicely Williams aliliandika mwaka 1935. Neno hilo lataja ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake na mdogo aliyezaliwa. Wazee wa huko, kama wazee wetu, waliona mapema saa ambayo hatari huanza.

Kwa sababu hiyo kuna vipimo viwili vya kusaidia mizani, na mzazi yeyote aweza kujifunza. Cha kwanza, bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa muda wa sekunde tatu. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mpeleke mtoto kwa mganga siku hiyo hiyo. Cha pili, ni utepe wa kupima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa mtoto wa miezi 6 hata miaka 5. Zaidi ya milimita 125 ni kijani. Kati ya 115 na 125 ni manjano, maana yake angalieni. Chini ya 115 ni nyekundu, maana yake hatari ya kufa ni kubwa.

Hospitalini nako uzito ni jambo kuu, kwa maana dawa za mtoto hupimwa kwa kilo. Mtoto wa miaka miwili mwenye afya hukaribia kilo 12. Mganga akikadiria kwa umri tu, na mtoto kumbe ana kilo 8, atampa dawa zaidi kwa nusu nzima ya ile inayomfaa. Hivyo msione kwamba muuguzi anapoteza wakati anapomvua mtoto nguo na kumweka juu ya mizani.

Tena msiwalazimishe waganga kutundika seramu. Wengi wetu twadhani kwamba asiyetundikiwa chupa hakutibiwa. Lakini moyo wa mtoto aliyekonda ni dhaifu, na maji mengi ya ghafula katika mshipa yaweza kuulemea. Hata kwa watoto wasiokonda hivyo yafaa uangalifu. Mwaka 2011 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vema. Katika saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ya 10. Kati ya wasiopewa walikufa 7. Watoto wenye utapiamlo mkali hawakutiwa katika uchunguzi ule, kwa kuwa matibabu yao yana kanuni zake za pekee: joto, sukari, dawa za kuua vijidudu hata kama hakuna homa, na maziwa maalum kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mama akiambiwa aamke usiku wa manane kumnywesha, aamke. Sukari ya damu ikishuka usiku, mtoto aweza kufa akidhaniwa amelala.

Je, basi tuwanenepeshe watoto kupita kiasi? La. Katika Ulaya na Marekani, na sasa katika miji yetu pia, wako watoto wazito mno. Wakati wa COVID-19 ilionekana kwamba unene wa kupita kiasi uliongeza hatari ya watoto kuugua sana. Uzito mzuri ni ule unaopanda taratibu, mwezi kwa mwezi, kama ngazi.

Haya ndiyo tuyakumbuke. Mtoto anyonye hata miaka miwili, na tangu miezi sita aongezewe uji wenye unga wa soya au karanga, maharagwe yaliyopondwa, ndagala waliosagwa. Awe na sahani yake mwenyewe. Apate chanjo zake. Apimwe kila mwezi, na uzito ukisimama miezi miwili, baba asiseme ni kazi ya wanawake: aulize sababu. Na mtoto aliyekonda au aliyevimba akikataa chakula, akilegea, au mwili wake ukiwa baridi, msingojee homa. Mfungeni kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mfunikeni pamoja na kichwa, mpeni ziwa au maji yenye sukari kidogo kidogo kama anaweza kumeza, na safari ianze saa ile ile.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa mtoto huonekana mapema katika mizani na katika mkono wake, wakati bado anacheza uani.