Bastola ya bei chini: imebadilika kweli?
Jamaa zetu walioko Marekani wanatuambia bastola za Taurus, kampuni ya Brazili, siku hizi ni nzuri: bei chini, risasi hazikwami. Kwetu hiyo haitoshi. Mwaka 2015 kampuni ilifanya mapatano na wanunuzi wa Marekani, ingawa ilikana kosa, juu ya aina 9 zilizodaiwa kufyatuka zikianguka chini. Kiwanda kikatoka Miami kwenda Georgia mwaka 2019, sifa zikaanza. Halafu 2023, GX4, tena aina mpya, baadhi zikaitwa zirudishwe kwa hatari ileile ya kuanguka! Sisi tuliolala hema moja na watoto tunajua vitu huanguka usiku. Mwenye GX4 aangalie namba iliyochongwa juu yake leo.