Dakika 82 za uongo: Eldoret hadi Lamu

 Nina hasira. Wa kwanza kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Hapa Eldoret nina jirani, mzaliwa wa Lamu, anauza simu. Asubuhi moja alipata habari kwamba mamake amefariki. Akanijia: "Ndugu yangu, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Nitawahi maziko?" Nikafungua programu ndogo niliyoiandika mwenyewe, ya kupima umbali kati ya viwanja vya ndege. Eldoret hadi kiwanja cha Manda, Lamu: kilomita 697, saa moja na dakika 22. Akawaomba watu wa nyumbani wamngoje hadi baada ya swala ya alasiri.

Hakuwahi. Siku ile hakukuwa na ndege ya moja kwa moja. Alipita Nairobi, na alipotua, ndege ya mwisho ya Lamu ilikuwa imeshaondoka. Mamake alizikwa yeye akiwa Nairobi.

Sasa tuangalie namba ile ilitoka wapi. Programu za aina hii zimejaa kwenye intaneti. Yangu inachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, inaifanya dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, na inapata njia fupi kabisa juu ya tufe hilo. Hadi hapo ni hesabu safi. Kisha inagawanya kwa kasi ya jeti, kilomita 800 kwa saa: dakika 52. Inaongeza dakika 30 za kupaa na kutua: dakika 82. Basi! Haijasoma ratiba yoyote. Haijui hata kama ndege ipo.

Kuna atakayesema kosa ni kasi, maana njia zetu za ndani hutumia sana ndege za propela. Mwingine atasema kosa ni kuzunguka Nairobi. Nimepima. Eldoret hadi JKIA ni kilomita 268, JKIA hadi Manda 455, jumla 723. Nairobi imeongeza kilomita 26 tu! Kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa hizo ni dakika 87. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua mara mbili, bado hujafikisha saa mbili na nusu. Jirani yangu alikuwa na siku nzima.

Kwa hiyo siku ile haikuishia angani. Iliishia chini: barabara ya kwenda kiwanjani, kuripoti mapema, kungoja ndege ya pili. Pengine unatua Wilson na ndege ya Lamu inaondokea JKIA, ukakwama kwenye foleni ya magari. Na ukishatua Manda bado kuna bahari, mjini Lamu unavuka kwa boti. Haya yote programu yangu iliyahesabu kuwa sifuri.

Naambiwa, "Kila mtu anajua hayo ni makadirio." Nani huyo kila mtu? Jirani yangu hakuiona fomula. Aliona namba, tena yenye dakika 22, si 20 wala 30, akaiamini. Namba inayojifanya kujua hadi dakika ya mwisho ni shahidi wa uongo, na sisi ndio tuliomfundisha maneno.

Waandishi wenzangu wa programu, kama huna ratiba, andika umbali na unyamaze. Usiite "muda wa safari" kitu ambacho hakuna msafiri aliyewahi kukisafiri.

Mimi nimeufuta mstari ule. Ulikuwa mmoja tu. Sasa programu yangu inasema: kilomita 697, ulizia ndege kwanza.