Binti yetu na somo la sanaa za maonyesho



Mama mmoja, msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu, ametuandikia barua ndefu yenye huzuni. Binti yake amejiunga na chuo kikuu jijini Dar es Salaam kusomea ualimu wa Kiswahili. Katika orodha ya masomo ya muhula wa kwanza limo somo la utangulizi wa sanaa za maonyesho, nalo ni la lazima katika mchepuo alioupata. Baba yake alipoliona neno hilo la maonyesho alitoa kauli moja tu: aliache somo, au arudi nyumbani. Mama amekwama katikati, na binti analia kwenye simu. Usajili wa masomo unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa sababu hiyo tumeiahirisha mada ya mirathi tuliyoahidi, tulizungumze hili kwanza.

Tunaanza na baba, kwa kuwa hofu yake haikuzuka bure. Anachokijua kuhusu uigizaji ni kile kinachoingia sebuleni kwake kupitia runinga: mabinti wasio na stara, matusi, na wanaume na wanawake waliokumbatiana kana kwamba ni wake na waume. Mzazi asiyetaka kumwona mwanawe katika hali hiyo ana ghera, na ghera ni sifa ya mzazi. Hatumlaumu. Tunachomwomba ni kwamba asilihukumu somo la darasani kwa kipimo cha igizo la runinga, kabla hajauliza ndani ya somo hilo kuna nini.

Somo la utangulizi kwa kawaida huwa na sehemu kubwa ya kusoma na sehemu ndogo ya kutenda. Mwanafunzi husoma asili ya tamthilia, tangu Wayunani na Aristotle hadi ngoma, majigambo na masimulizi ya jamii za Kiafrika. Hufundishwa sehemu za jukwaa na kwa nini kulia kwa mwigizaji ni kushoto kwa hadhira. Hujifunza kazi ya mwongozaji, ya mshika taa, ya mtengeneza maleba, na ya yule anayekaa pembeni na kitabu ili kumkumbusha aliyesahau maneno yake. Hupelekwa kutazama onyesho na kuliandikia ripoti. Mwisho wa muhula, wanafunzi hugawanywa katika vikundi na kila kikundi huonyesha kipande kifupi mbele ya wenzao. Hapo mwisho ndipo penye maswali ya kisheria, na tutapafikia.

Katikati kuna mafunzo ya sauti na pumzi, na huko binti aliyepitia madrasa huwatangulia wenzake. Mhadhiri huanza kwa kuuliza herufi hutoka wapi: kooni, kwenye ulimi, au midomoni. Huuliza pumzi ivutwe lini ili sentensi isikatike mahali ambapo maana itaharibika. Aliyesoma tajwidi alishaulizwa maswali hayo akiwa na umri wa miaka saba, tena kwa fimbo ya ustadhi mkononi! Makharij na kanuni za waqfu zimemzoeza kutofautisha herufi zinazokaribiana na kujua mahali pa kusimama. Mwalimu wa shule husimama mbele ya watoto sitini au zaidi kwa saa nyingi kila siku, na asiyejua kuitumia sauti yake huimaliza. (Tuseme ukweli, wapo makhatibu wetu wa Ijumaa wenye elimu kubwa ambao safu ya tatu haisikii wanachosema. Zoezi la pumzi lingewafaa.)

Tena vitabu vyenyewe si vigeni kwetu. Mwandishi ambaye ni vigumu kuifundisha tamthilia ya Kiswahili bila kumtaja ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa mkoa wa Lindi, aliyesoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinjeketile yake ilichapishwa mwaka 1969, na wengi wetu tuliisoma sekondari tukikariri dhamira na wahusika ili tufaulu mtihani. Darasa la maonyesho huisoma kwa namna nyingine. Kuna mahali ambapo Kinjeketile, baada ya kunena akiwa amepagawa na roho ya Hongo, anazinduka na kuambiwa alichokisema. Miongoni mwa maneno hayo limo lile la kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Hapo anashtuka. Wamwondoe Mjerumani ili wawe chini ya mtawala mwingine? Wakati huo wenzake wanashangilia maji na hawataki kusikia shaka yake.

Aliyekariri kwa ajili ya mtihani huupita ukurasa huo upesi. Anayetakiwa kusimama na kuusema hana budi kuamua: mtu huyu anaogopa nini, anamtazama nani, na kwa nini hawezi kuwanyamazisha watu aliowaamsha mwenyewe? Mwishoni askari wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu wajukuu wasije wakaambiwa kwamba vita vya babu zao vilikuwa vya uongo. Mwalimu mtarajiwa aliyelitafakari hilo kwa mwili na sauti yake atawafundisha watoto wetu vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 kwa namna ambayo hawataisahau.

Wapo wanaosema fani hii haijapata kujulikana miongoni mwa Waislamu. Si kweli. Katika karne ya 13 tabibu wa macho mjini Cairo, Ibn Daniyal, mzaliwa wa Mosul, alitunga michezo ya vivuli inayosomwa na watafiti hadi leo. Tuongeze upesi kwamba michezo hiyo ina ufasiki mwingi, na si kila alichokiandika Muislamu ni cha kuigwa. Karibu na zama zetu, Tawfiq al-Hakim wa Misri alitoa mwaka 1933 tamthilia aliyoijenga juu ya kisa cha Watu wa Pangoni, kilichomo katika Surat al-Kahf.

Sasa hukumu. Wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana, na si uaminifu kumficha msomaji hilo. Wapo walioukataza uigizaji wote. Sheikh Bakr Abu Zayd wa Saudi Arabia aliandika risala mahsusi ya kuupinga. Hoja kubwa ya upande huo ni kwamba kuigiza ni kusema uongo, na Mtume (s.a.w.) amemuonya vikali mtu anayesema uongo ili kuwachekesha watu. Wapo walioruhusu kwa masharti, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi. Hawa husema kwamba uongo ni kumdanganya mtu aamini kisichokuwepo, ilhali katika mchezo msemaji na msikilizaji wote wanajua kuwa ule ni mfano. Hutaja wale wawili waliopanda ukuta wakamwendea Nabii Daud (a.s.) kwa sura ya wenye kesi, kama ilivyo katika Surat Saad, ambao wafasiri wengi wamesema walikuwa malaika. Hutaja pia Jibril (a.s.) alivyokuja kwa umbo la mtu akauliza kuhusu Uislamu, Imani na Ihsani ili Masahaba wajifunze. Wapinzani wao hujibu kwamba mambo ya malaika hayapimwi kwa yetu. Safu hii si ya kutoa fatwa. Baba akipenda, amwendee sheikh anayemwamini, lakini aende na mtaala wa somo mkononi. Akimuuliza kuhusu maigizo kwa ujumla, atapewa jibu la maigizo ya runinga.

Kwa anayefuata kauli ya ruhusa, yapo mambo ambayo binti hana hiari nayo. Kuguswa na mwanamume asiye maharimu wake ni la kwanza. Katika madarasa mengi lipo zoezi la kuaminiana, ambapo mmoja hujiachia aanguke kinyumenyume na wenzake humdaka. Aombe kulifanya na wasichana watupu. Mavazi ya mazoezi yawe mapana na yenye kusitiri, maana baadhi ya mazoezi hufanyika mtu akiwa amelala sakafuni. Asikubali nafasi yenye kumtaka avue hijabu. Tamthilia zetu zina akina mama, mashangazi na mabibi wa pwani ambao mtandio ndio vazi lao halisi. Nafasi ya mtu aliyepagawa, au yenye maneno ya kukufuru, anaweza kuisoma na kuichambua katika insha, kisha kuicheza akamwachia mwingine.

Jambo moja wengi hulisahau. Imepokewa kwamba mambo matatu, yakisemwa kwa dhati au kwa mzaha, huhesabiwa kuwa dhati: ndoa, talaka na kumrejea mke. Kwa hiyo wanafunzi wetu, wa kike na wa kiume, wajiepushe na vipande ambavyo ndani yake hutamkwa akdi ya nikahi au talaka. Mzaha wa jukwaani usijewaachia wasiwasi wa maisha.

Haya yote yana wakati wake, nao ni wiki mbili za mwanzo. Binti amwendee mhadhiri ofisini, mlango ukiwa wazi au akiwa na mwenzake, amweleze kwa adabu mipaka yake na amuulize anaweza kupewa kazi gani badala yake. Kazi za nyuma ya pazia, kama maleba, taa na kushika kitabu, nazo ni sehemu ya somo. Akinyamaza hadi wiki ya onyesho kisha akajitoa, atakuwa amewavunjia wenzake wa kikundi ahadi, na alama zao zitaanguka pamoja na zake. Kutimiza ahadi nako ni dini. Aulize pia ratiba ya mazoezi, kwani hupangwa jioni na huweza kuila Magharibi. Kikundi kikielezwa mapema, kusimama dakika kumi kwa ajili ya swala si jambo zito. Kurudi hosteli usiku arudi na wenzake wa kike.

Kuna jingine tunalomwomba baba alipime. Akilazimishwa kuliacha somo la lazima, binti hatapoteza somo moja. Atapoteza mchepuo wenyewe, na huenda mwaka mzima, na huo ni mwaka wa mtoto aliyefaulu kwa jasho lake na la mama yake. Na kama binti zetu wenye kujistahi wataondoka katika madarasa haya, vitabu vya tamthilia wanavyosoma watoto wetu sekondari vitafundishwa na nani, na michezo ya mahafali ya shule zetu za Kiislamu itaongozwa na nani?

Dada yetu uliyetuandikia, mwombe baba watoto ampigie binti simu kabla ya Ijumaa, asimuulize kwa nini analia, bali amwambie amsomee mtaala ukurasa kwa ukurasa. Kipengele asichokiridhia wakiandike pembeni, na karatasi hiyo ndiyo binti atakayokwenda nayo kwa mhadhiri. Wasomaji waliowahi kulisoma somo hili, hasa akina dada, tuandikieni mlivyofanya. Barua zenu tutazichapisha hapa, na mirathi tutaifikia wiki ijayo, inshaallah.