Ahadi ya Nusu



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, muumini mmoja alinisimamisha nje ya kanisa. “Padre, vita vya Ukraine vililetwa na NATO. Hata Papa Fransisko alisema.” Ni kweli kwamba Mei 2022, akihojiwa na gazeti la Corriere della Sera, hayati Baba Mtakatifu alijiuliza iwapo kubweka kwa NATO mlangoni mwa Urusi hakukuchangia hasira ya Moscow. Lakini kujiuliza si kufundisha, nami kwa unyenyekevu naona jambo hili lina upande mwingine.

Tuitazame Finland. Iliingia NATO Aprili 4, 2023, nayo ina mpaka na Urusi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300. Ikiwa muungano wa kijeshi ndio unaochokoza, mbona moto haukuwaka huko? Estonia na Latvia, majirani wadogo wa Urusi, ni wanachama tangu 2004 na hazijavamiwa. Kinyume chake, Urusi ilipoitwaa Crimea mwaka 2014, Ukraine ilikuwa na sheria ya mwaka 2010 ya kutofungamana na muungano wowote wa kijeshi. Sheria hiyo haikuiokoa. (Najua wapo watakaoshangaa kumsikia paroko akisema hivi.)

Je, NATO haina lawama? Inayo, tena kubwa, ila si ile inayotajwa vijiweni. Aprili 2008, mjini Bucharest, viongozi wake walitangaza kwamba Ukraine na Georgia zitakuwa wanachama. Lini? Hawakusema. Marekani ilisukuma, Ujerumani na Ufaransa zikasita, wakaafikiana juu ya maneno yasiyomlinda mtu yeyote. Moscow ikapata kisingizio pamoja na muda wa kukitumia. Kyiv na Tbilisi zikapata karatasi. Agosti mwaka huohuo majeshi ya Urusi yalikuwa ndani ya Georgia. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hili lililipwa na raia wa Gori waliopigwa mabomu, wala si na waliolikopa. Dhambi ya kuvamia inabaki kwa mvamizi. Lakini aliyemwacha jirani uwanjani na ahadi ya nusu mkononi naye ana la kuungama.

“Basi Ukraine iambiwe nini?” akaniuliza yule ndugu. Nikamjibu: iambiwe ndiyo, yenye tarehe, au iambiwe hapana.